Uzoefu wangu: kusafisha mkanda wa picha za rangi nyumbani, na yule jamaa aliyeniuzia dawa

Naandika hii nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie. Nilianza kuweka nyota moja, nikafuta nikaweka tatu, saivi hata sijui. Tuone nikifika mwisho.

Kwa wasiojua, mimi bado napiga picha za mkanda. Nina kamera ya Yashica ya marehemu baba, inafanya kazi vizuri tu, shida ni kusafisha. Zile studio tulizokua tunapeleka mikanda zamani zimebaki na picha za pasipoti na laminesheni, ukimwambia kijana wa kaunta unataka kusafisha mkanda wa rangi anakuangalia kama umemuomba mafuta ya taa. Sa nikaona bora nisafishe mwenyewe, maana dawa za C-41 (ndo jina la njia ya kusafisha mikanda ya rangi) siku hizi kuna seti za unga za mtu wa nyumbani, unachanganya lita moja unasafisha mikanda kama minane. Nikapata jamaa anauza kwenye simu, anapost picha nzuri, anajibu haraka (kabla hujalipa). Nikanunua seti, nikanunua na tangi la Paterson (kopo lisilopitisha mwanga la kusafishia mkanda), hela ilinitoka ya karibu wiki nzima ya kazi, sikujutia.

Na niseme ukweli, kazi yenyewe siyo ngumu kama watu wanavyotisha. Wanasema rangi ni moto, moto, lazima nyuzi 38, ukikosea kidogo imeharibika. Ndiyo dawa ya kwanza inataka 38, na inakaa dakika tatu na sekunde kumi na tano tu, hapo hakuna mchezo. Lakini jamani sisi tuko Dar! Wenzetu Ulaya wanahangaika kupasha maji kutoka baridi, huku maji ya simtank mchana yanatoka tayari ya uvuguvugu, unaongeza kidogo kutoka kwenye jagi la umeme, unaweka chupa za dawa kwenye beseni, unasubiri kipimajoto kikae sawa, basi. Kinachotusumbua sisi ni jasho. Mkanda wa rangi hautaki mwanga wowote, hata ile taa nyekundu ya kwenye sinema hapana, kwa hiyo najifungia chooni usiku na blanketi limeziba mlango, kiza totoro, joto, mikono inalowa, na mkanda ukikutana na unyevu unanata kwenye rili (kile kigurudumu cha kuviringishia mkanda ndani ya tangi) haupandi tena. Nilihangaika nusu saa mle ndani. Mke wangu akawa ananiuliza kwa nje kama nimezimia.

Basi huo mkanda.

Nilikua nimetoka Pangani, kabla ya masika, kwa babu mzaa mama. Babu alikua ameshakubali kuuza jahazi lake, umri umeenda, watoto hawataki bahari, na mnunuzi alitaka likarabatiwe kwanza. Nikakaa naye siku tatu akitia kalafati. Nilikua namuangalia anavyosokota pamba kwenye mapaja, anaipachika kwenye mwanya wa mbao, anaigonga na patasi na nyundo yake taratibu taratibu, tak, tak, tak, halafu anaweka kiganja kwenye ubao kama mtu anayempima mtoto homa. Picha 36, mkanda wa Kodak Gold, zote babu na jahazi. Wiki iliyofuata likapakiwa likaenda Mafia. Mkanda huo ndo nikauchagua uwe wa kwanza kusafisha, kwa sababu nilikua na hamu nao kuliko yote. Hapo nakubali nilikosea, mkanda wa kwanza ungekua wa majaribio, mtu yeyote anayesoma hapa asifanye kama mimi.

Mfuko wa dawa ya kwanza ulikua na selotepu pembeni. Nikauona. Nikajisemea labda ndo zinavyokuja. Unga ndani ulikua umegandana mabonge, rangi kama sukari guru, nikauponda na mwiko wa plastiki niliotenga kwa kazi hiyo (msitumie vyombo vya jikoni, na vaeni glavu), ukayeyuka ukatoa maji rangi ya chai ya rangi kabisa. Saivi najua ule unga unatakiwa uwe mkavu, unamwagika wenyewe, na ukishachanganywa maji yanakua ya rangi hafifu. Unyevu na hewa vinaiua hiyo dawa, ikishakua ya kahawia imekufa. Lakini kwa siku ile ningejuaje? Sikuwahi kuona nyingine.

Nikafanya kila kitu kwa saa. Dawa ya kwanza dakika tatu na robo, nikatikisa sekunde thelathini za mwanzo halafu kidogokidogo. Bliksi (dawa ya pili kwenye seti) ikafuata, hiyo inatoa gesi, kifuniko kinavimba inabidi uachie pumzi kidogo la sivyo inakurukia. Nikaosha. Dawa ya mwisho. Nikafungua tangi mkono unatetemeka, nikavuta mkanda kutoka kwenye rili.

Rangi ya chungwa. Toka mwanzo mpaka mwisho, chungwa tupu, unaona hadi vigae vya ukutani ng'ambo. Hamna babu, hamna jahazi, hamna chochote. Nilikaa chini pale bafuni.

Nikamuandikia yule jamaa usiku uleule, kwa adabu kabisa, "kaka shikamoo, samahani kwa usumbufu, nadhani dawa ina tatizo". Akajibu asubuhi kwa voisi, na nyuma nasikia mtu anacheka: "Mdogo wangu, hizo kamera za kurithi hizo, jifunze kwanza kufunga mkanda ndo uje kulalamika. Mkanda haukuvutwa, umepiga hewa. Dawa yangu haina shida, wateja wote wanasifia."

Mkanda haukuvutwa! Baba yangu alinifundisha kufunga mkanda nikiwa darasa la nne, unaangalia kile kitufe cha kurudishia kinazunguka unapovuta, kikizunguka mkanda unakwenda. Nilikiangalia, siku zote nakiangalia.

Na hapa ndo nataka watu wanisikilize vizuri maana itawasaidia siku moja. Mikanda ya rangi karibu yote ina maandishi pembeni, jina la mkanda na namba, 1, 1A, 2, 2A mpaka mwisho. Hayo hayapigwi na kamera yako, yamepigwa kiwandani kwa mwanga, yamelala humohumo yanasubiri dawa. Kwa hiyo kama kamera haikuvuta mkanda, picha hazitakuwepo lakini namba zitatokea. Kama hata namba hazipo, dawa ndo haikufanya kazi. Nikauchukua mkanda wa babu nikaupitisha juani dirishani sentimita kwa sentimita. Hamna namba hata moja. Hamna neno Kodak. Hamna.

Nikaona hiyo haitoshi maana atasema nilianza na bliksi, ambayo nayo ingefuta picha na namba zote (chupa niliziandika na maka peni, B kubwa nyekundu, lakini haya). Kumbe ushahidi nilikua nao tayari. Usiku ule kabla sijalala nilichukua ule ulimi wa mkanda, kile kipande cha mwanzo nilichokata wakati wa kuupandisha kwenye rili, ambao ulishapigwa na mwanga wote wa dunia, nikautumbukiza kwenye dawa ileile, moto uleule, taa inawaka, simu inarekodi. Kwenye dawa ambayo haijaharibika ulimi unatakiwa uwe mweusi ndani ya dakika chache tu. Ulikaa dakika kumi. Umetoka kama ulivyoingia, rangi ileile ya mkanda ambao haujasafishwa.

Nikamtumia video na picha za pembeni ya mkanda. Kimya.

Sasa kwa haki ya dawa zenyewe, maana hapa ndo nyota zinapanda. Baada ya miezi kadhaa rafiki yangu alitoka safari akaniletea seti ya aina ileile kabisa, boksi lilelile, mfuko haujaguswa. Nikaanza na ulimi: haujafika dakika mbili umeshakua mweusi ti. Nikasafisha mkanda wa mtaani kwetu Magomeni. Nilivyoutoa ulikua na ukungu kama maziwa nikajua tena basi, kumbe ukiwa umelowa unakua hivyo, ulivyokauka ukawa safi. Kuna picha ya mama anayechoma mihogo jioni, kwenye negativu (mkanda uliosafishwa, rangi zake zinakua kinyume) mkaa mwekundu umegeuka kijani cha bahari na uso wake umekua mweupe, nikauweka juu ya tablet ya mtoto, nikapiga na simu, nikageuza rangi, na ule mkaa ukawaka! Nilipiga kelele ndani ya nyumba. Ule wekundu sijawahi kuupata kwa simu yoyote. Nimeshasafisha mikanda sita na lita hiyohiyo, naihifadhi kwenye chupa naibonyeza hewa yote itoke kabla ya kufunga. Kwa hiyo dawa ni nyota nne, hata tano, mtu yeyote mwenye kamera ya mzazi wake kabatini namwambia anunue leo, akague mfuko, aanze na ulimi.

Nilitaka niishie hapo na nyota zangu nne. Lakini nikiandika nasikia ile sauti, "umepiga hewa", na kile kicheko nyuma, na nyota zinashuka zenyewe. Kwa sababu alijua. Mtu hawezi kubandika selotepu kwenye mfuko bila kujua umechanika.

Hela sijamuomba. Nimemuandikia tena juzi kwamba sitaki hela yake, sitaki dawa nyingine, aniandikie mstari mmoja tu kuwa dawa ilikua imekufa. Maana nilivyompigia babu siku ile kumwambia picha hazikutoka, na jinsi yule jamaa alivyosema, babu akaniambia kwa upole, "Si kitu mjukuu wangu, siku nyingine ufunge vizuri." Mpaka leo ndo anavyojua. Nataka huo mstari niende nao Pangani nimsomee.

Tiki mbili za bluu zipo. Jibu hakuna.