Observer: ile ya 2017 au System Redux?

Vijana wa Shangani hapa Mtwara wananiuliza sana wachukue ipi kati ya hizi mbili za gemu la kutisha Observer: ya awali au iliyoboreshwa, System Redux. Kisa ni kilekile: mpelelezi Daniel Lazarski, Kraków ya mwaka 2084, anaingia ndani ya akili za watu akimsaka mwanawe. Sauti yake nzito, iliyochoka, ni ya mwigizaji Rutger Hauer, aliyefariki 2019, na imo kwenye zote mbili.

Laptopu yenye kadi ya michoro ya wastani? Ile ya 2017 inatosha. Ila mwenye PS5 asisite, achukue Redux ya 2020. Ina kesi tatu mpya, na zile korido za jengo la wapangaji zinatisha kweli: mwanga wa neoni unaakisi kwenye sakafu iliyolowa, kila ufa unaonekana. Kwangu Redux ndiyo yenyewe. Vaa hedifoni.