Kukadiria mahitaji ya umeme Dodoma: kufuata mwenendo au kuhesabu matumizi?

Njia ya kwanza ni kufuata mwenendo: unachukua matumizi ya miaka iliyopita, unayahusisha na ukuaji wa uchumi na idadi ya watu, kisha unauendeleza mstari. Ni rahisi, na kwa mwaka mmoja au miwili inatosha.

Ya pili inaanzia chini: kaya, ofisi, viwanda, pampu za visima, kila kundi na vifaa vyake na saa zake. Ni kazi ngumu na ya gharama, lakini kwa Dodoma naichagua bila kusita. Mwenendo wa zamani usingeonyesha Serikali ikihamia hapa, wala Mji wa Serikali Mtumba, wala treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024. Mkoa ulikuwa na watu wapatao milioni 2.1 kwenye sensa ya 2012. Mwaka 2022 walifika milioni 3.1.

Tena mpangaji anahitaji kukijua kilele cha jioni, si jumla ya mwaka pekee, maana transfoma huzidiwa watu wanapowasha taa, televisheni na pasi kwa pamoja. Kaya zikiacha mkaa na kupikia umeme, jambo ninaloliombea sana, kilele hicho kitapanda, na mstari wa zamani hauzioni kaya hizo.