PESI au sPESI kwa Mgonjwa Mwenye Donge la Damu Mapafuni?

Katika wodi za Dodoma swali hili hurudi mara kwa mara: ni kipimo kipi kinachokadiria vizuri zaidi hatari ya kifo ndani ya siku 30? PESI, kipimo cha alama cha ukali wa donge la damu mapafuni cha mwaka 2005, hukusanya vigezo 11, umri ukihesabiwa mwaka kwa mwaka. sPESI, toleo lake lililorahisishwa la mwaka 2010, imebakiza sita, kila kimoja alama moja, na hujumlishwa kichwani hata katikati ya zamu ya usiku. Wepesi huo una gharama yake. Mama wa miaka 50 ambaye mapigo ya moyo wake ni 112 kwa dakika, bila dosari nyingine yoyote, hupata alama 70 za PESI, yaani hatari ndogo, ilhali sPESI humtoa katika kundi hilo. Kuchanganyikiwa akili, ambako katika PESI hubeba alama 60, sPESI haikuulizi kabisa, na hilo hunitia wasiwasi. Kwa tabibu wa wilayani Kongwa anayeamua haraka kuhusu rufaa, sPESI inafaa. Kwa daktari wa mjini anayefikiria kumruhusu mgonjwa atibiwe akiwa nyumbani, PESI humpa picha pana zaidi. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi viwili kinachopima moyo upande wa kulia, kazi ambayo hubaki kwa ultrasaundi.