LCR-T4: inachotambua, na inapodanganya

Kwa fundi wa redio, feni na pawa saplai, LCR-T4, kifaa cha kupima vipuri vya elektroniki, inafaa kununuliwa, ila usiiamini kwa kila koili. Ni bodi ndogo ya betri ya volti 9, yenye chipu ya ATmega328, skrini, na soketi ya matundu yaliyoandikwa 1, 2 na 3. Muundo ulianzia kwa Markus Frejek, akauendeleza Karl-Heinz Kübbeler. Zinazouzwa madukani nyingi ni nakala za China.

Kwenye transista inastahili sifa. Chomeka miguu mitatu vyovyote vile, bonyeza, na baada ya sekunde chache inakuambia kama ni NPN au PNP (aina mbili za transista), besi (mguu wa kuidhibiti) ni upi na ukuzaji ni kiasi gani. Kapasita inazipima vizuri pia, mradi uzimalize chaji kwanza kwa resista ya omu 1,000, wati 5. Kapasita ya pawa saplai iliyobaki na volti 300 inaiua chipu papo hapo.

Udhaifu unatokana na namna inavyopima: mkondo mnyoofu (DC) tu, volti 5, miliampia 6 hivi. Zena (dayodi ya kudhibiti volti) ya volti 12 haifunguki kwa volti hizo, kwa hiyo skrini inaonyesha dayodi ya kawaida. Trayaki (swichi ya elektroniki ya AC) inayotaka mkondo mkubwa wa geti, yaani mguu wa kuiwasha, inatangazwa mbovu ilhali ni nzima. Na koili yenye ukinzani unaozidi omu 2,100, kama ya rilei ndogo ya volti 230, inaitwa resista.

Hapo ndipo mkondo geu (AC) unapohitajika. Chukua transfoma ya volti 12, unganisha kipuri kwa mfululizo na resista ya omu 1,000, kisha pima volti za AC juu ya kila kimoja. (Mita ya DT830B haina sehemu ya kupima ampia za AC, ndiyo maana tunapima volti.) Kipuri kikiwa resista, volti mbili hizo zikijumlishwa zinatoa 12. Jumla ikizidi, una kapasita au koili. Kuzitofautisha, rudia kwa DC ya volti 12: kapasita inabaki na volti zote, koili inapitisha mkondo.

Kapasita nzima ya feni ya mikrofaradi 2.5, kwa 50 Hz, inaonyesha volti 9.4 hivi na resista 7.4. Resista ikishuka hadi 5.1, kapasita imebaki na mikrofaradi 1.5 tu, na feni itazunguka kivivu. Transfoma isiyo na mzigo mara nyingi hutoa 13 au 14, basi pima na volti zake zenyewe ndipo ulinganishe.

Kwa koili ya rilei tumia resista ya omu 10,000 au zaidi. Ya 1,000 itabaki na volti chache mno kusomeka. Kapasita yenye alama ya chanya na hasi usiiguse kwa AC: inavimba na kupasuka.