Tahadhari kwa wakaaji wa Lubumbashi: wakala wa "mapumziko ya Oman" ametutapeli dola 3,400

Ndugu zangu wa Lubumbashi, naandika haya kwa hasira ambayo haijapoa tangu Alhamisi ya juma lililopita, na kwa aibu iliyonifanya nisiende kanisani Jumapili. Kuna mtu anayejiita wakala wa safari, mwenye ofisi ndogo ya ghorofani katikati ya mji, ambaye anawauzia wanandoa siku tano za mapumziko katika hoteli ya fahari juu ya milima ya jangwa la Oman. Mtu huyo hana chumba cha hoteli, hana tiketi na hana viza. Jina lake silitaji, kwa sababu shauri liko parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, na afisa aliyeandika maelezo yetu ametuomba tusimtangaze kabla hajakamatwa.

Wanaotufahamu hawahitaji kuelezwa mwaka uliopita ulivyokuwa mgumu nyumbani kwetu. Baada ya yale yote, na baada ya kile kikao cha familia cha Katuba, mume wangu aliniambia kwamba mwaka huu, ambao ni wa ishirini na tano wa ndoa yetu, tutakwenda mahali ambapo hakuna atakayetugongea mlango. Zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ilikuwa imefika, naye alikuwa ameweka akiba yake pembeni. Hatukuwa tunatafuta makuu. Tulitaka kukaa wawili, kimya, mbele ya mlima.

Nataka mjue jinsi ilivyokuwa, kwa sababu kila ninapofumba macho naiona tena. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, saa tisa alasiri, na baridi ya kiangazi chetu ilikuwa imeanza kuingia dirishani. Wakala huyo, ambaye ni kijana, alitupokea ofisini kwake akiwa amesimama, akanivutia kiti, akamwita mume wangu Papa na mimi Mama, kisha akamtuma msichana atuletee chai. Mezani kulikuwa na kabrasha la bluu ambalo juu yake majina yetu yalikuwa yamekwisha kuchapwa, ingawa tulikuwa bado hatujakubali lolote. Alifungua tableti yake akatuonyesha chumba ambacho mlango wake unafungukia ukingoni mwa genge, bwawa la kuogelea ambalo maji yake yanaonekana kama yanamwagikia korongoni, meza ya watu wawili iliyowashiwa taa usiku, na nyuma ya vyote hivyo milima mitupu yenye rangi ya shaba, safu nyuma ya safu. Alisema kwamba mahali hapo panaitwa Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, katika milima ya Hajar, na kwamba uwanda wa Saiq uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo wakati mji wa Muscat unaungua kwa joto, kule juu mtu anatafuta shuka ya kujifunika. Mume wangu, ambaye mnajua kifua chake kilivyo, aliuliza kama ataweza kupumua vizuri. Kijana hakujibu mwenyewe. Alichukua simu, akapiga, akaongeza sauti, akailaza juu ya kabrasha.

"Shikamoo mama, shikamoo baba," ilisema sauti ya mwanamume mtu mzima, kwa Kiswahili laini cha Unguja ambacho sisi huku tunakisikia redioni tu. Alituambia kwamba alizaliwa Zanzibar, kwamba wazazi wake walihamia Oman baada ya mapinduzi ya 1964, na kwamba yeye ndiye anayepokea wageni wa hoteli wanaotoka Afrika. Alimwambia mume wangu asiwe na wasiwasi, kwa kuwa hewa ya kule ni kavu na safi, na hotelini kuna muuguzi usiku na mchana. Alinieleza jinsi wanavyopika maji ya waridi katika vyungu vilivyojengewa ukutani, na jinsi maji ya falaj, umwagiliaji wao wa kale, yanavyopita katika mifereji ya mawe mpaka kwenye bustani za makomamanga. Halafu akasema, "Mama, huku utakuwa kama uko kwenu, hata lugha hutaipoteza." Nilimtazama mume wangu, naye akanitazama. Hapo ndipo tulipokwisha.

Msiniambie kwamba tulikuwa wajinga, kwa maana tulichunguza. Tulipofika nyumbani binti yetu alitafuta kwenye intaneti, na karibu kila kitu kilikuwa kweli. Mlima upo. Hoteli ya kwenye picha ipo, na ni nzuri kuliko picha zenyewe. Binti mfalme Diana wa Uingereza kweli alifika kwenye genge lile mwaka 1986. Ni kweli pia kwamba Oman kuna familia nyingi zenye asili ya Zanzibar ambazo bado zinazungumza Kiswahili majumbani. Shemeji yangu, ambaye ndiye msomi wetu, aliingia kwenye tovuti ya Ethiopian Airlines akaandika ile namba ya herufi sita tuliyopewa pamoja na jina la mume wangu, na safari ikatokea: Lubumbashi, Addis Ababa, Muscat, na majina yetu yote mawili bila kosa. Ni nani kati yenu ambaye baada ya kuyaona hayo angeendelea kuwa na shaka?

Tulilipa mara mbili. Dola 2,000 nilizipeleka mwenyewe mkononi, na kijana huyo alizikagua noti moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia moja iliyokuwa imechanika kidogo ukingoni, akaniomba niibadilishe. Nilishuka ngazi, nikaenda kwa wabadilishaji wa barabarani, nikapoteza franka zangu pale, nikapanda tena kumkabidhi noti nzima. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Dola 1,400 zilizobaki zilipita kwenye simu. Alitupa risiti yenye muhuri wa zambarau.

Siku ya safari, mwezi wa Agosti, watoto walitusindikiza uwanja wa ndege wa Luano pamoja na mama mkwe wangu, ambaye alituombea tukiwa bado kwenye gari. Tulikuwa tumekwisha kununua Go-Pass mbili, zile karatasi za kodi ya uwanja wa ndege. Mfanyakazi wa kampuni ya ndege, mama mmoja mpole, alizichukua paspoti, akaandika, akasubiri, akaandika tena, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama tunayo namba ya tiketi. Mume wangu akamwonyesha zile herufi sita. Yule mama akatueleza kwamba hiyo ilikuwa namba ya kuwekewa nafasi tu, kwamba nafasi hiyo haikuwahi kulipiwa, na kwamba mashine ilikuwa imeifuta yenyewe. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu, na miongoni mwa waliosikia kulikuwa na watu wawili wa kartie yetu, mtaa wetu. Mume wangu alibeba masanduku yote mawili peke yake mpaka nje, akakataa kusaidiwa, akaanza kukohoa. Mama mkwe hakuuliza kitu. Tulirudi nyumbani saa sita mchana, wakati majirani wote wamekaa nje.

Simu ya kijana ilikuwa imezimwa. Ofisini hapakuwa na mtu, na mwenye duka la chini akatuambia kwamba chumba kile kilikodiwa kwa miezi mitatu tu. Niliiandikia hoteli yenyewe, nao wakajibu siku ileile, kwa adabu, kwamba hawana nafasi yoyote kwa majina yetu na kwamba hawamjui wakala huyo.

Sasa nasema alichofanya mtu huyu kina jina katika sheria ya nchi yetu. Kifungu cha 98 cha kanuni ya adhabu kinazungumzia utapeli, na adhabu yake inafika miaka mitano jela. Mimi naitaka hiyo mitano yote. Sitaki apatanishwe na sisi kwenye kiti cha chifu wa kartie, sitaki mjomba wake aje na kreti ya bia kuomba msamaha, na sitaki arudishe nusu halafu aachiwe aende kufungua ofisi nyingine Likasi au Kolwezi. Mtu anayemtazama mgonjwa usoni na kumuuzia hewa ya kupumua ambayo haipo hastahili kuhurumiwa.

Mtaniuliza kama hapakuwa na dalili za utapeli. Zilikuwepo, nami naziona leo. Tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13, na ile ya Ethiopian Airlines huanza na 071. Kama huna hiyo, huna tiketi, hata kama majina yako yanaonekana kwenye tovuti. Viza ya Oman huombwa mtandaoni kwa Polisi ya Kifalme ya Oman, wala si karatasi ya kuletewa na wakala ndani ya kabrasha. Yule wa sauti ya Unguja alisema kwamba mwezi wa Agosti tutayakuta waridi yamechanua, ilhali waridi ya mlima ule huchanua kuanzia mwishoni mwa Machi na kwisha mapema Mei. Alisema pia kwamba teksi ndogo itatupandisha mpaka hotelini, na kumbe pale chini, Birkat al-Mawz, polisi hawaruhusu gari kupanda mlima isipokuwa liwe la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Picha moja ilionyesha ngamia kwenye vilima vya mchanga, eti ni mandhari ya dirishani, lakini mchanga huo uko Sharqiya, mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Namba ya simu tuliyoilipia ilikuwa na jina la mtu mwingine, nasi tuliliona jina hilo kwenye ujumbe, tukanyamaza. Yapo mengine, lakini nikianza kuyataja hasira inanishika upya, kwa sababu hakuna dalili inayompa mtu haki ya kuiba.

Tumekwisha kupata jozi nyingine mbili za wanandoa waliolipa, jozi moja wakiwa wazee wa Kamalondo ambao watoto wao walichangishana. Kama na wewe unayo risiti yenye muhuri wa zambarau, usiifiche kwa aibu kama nilivyotaka kufanya mimi. Ipeleke parke, iunganishwe na faili letu. Na hakimu atakapomsimamisha, naomba aitafute pia ile namba ya simu aliyoipiga Jumamosi ile mbele yetu, na mwenye nayo aletwe hata kama yuko hapa hapa mjini. Uso wake sikuuona, lakini mnikalishe popote katika chumba kile cha mahakama, mfungeni kitambaa usoni akipenda, aseme mara moja tu "shikamoo mama", nami nitamwonyesha kwa kidole.