Biriani tamu, moshi wa shisha wa bure: mkahawa mmoja wa Nyali

Nianze na chakula, maana wapishi hawana kosa. Biriani ya mbuzi ya hapa ni biriani ya Mombasa hasa: wali mbali, masala mbali, nyama inaachia mfupa ukiigusa tu, viazi vimekaangwa kwanza ndipo vikatiwa, na vitunguu vya kukaanga wanamwaga bila uchoyo. Shilingi 650, na mtu wa kula kawaida hamalizi. Samaki wa kupaka alichelewa, lakini alipofika tui lilikuwa zito na ukwaju umekolea. Juisi ya ukwaju ndiyo iliyonishinda, sukari tupu. Vyoo visafi.

Jina la mkahawa silitaji. Haya haya ningeweza kuyaandika kuhusu mikahawa kadhaa ya upande huu wa daraja la Nyali.

Ni banda kubwa la makuti, pande tatu wazi. Nilimchukua khalati yangu, dada wa mama, ambaye ana pumu na hatoki sana usiku, na meza ya pembeni aliichagua mwenyewe kwa ajili ya upepo. Baada ya isha mabomba ya shisha yakaanza kutolewa. Vijana wa meza ya pili waliagiza ya ladha ya tofaa, nyuma yetu ya mnanaa. Mpaka hapo sikuwa na neno. Moshi ulikuwa ukienda na upepo. Kisha kusi ikashika, manyunyu yakaanza kuingia, na wahudumu wakateremsha yale mapazia mazito ya plastiki pande zote. Sijui kama kuna aliyewahi kukaa ndani ya banda la namna hiyo na mabomba sita yanawaka. Khalati alikula tonge tatu, akatoa pampu yake mkobani.

Kwenye nguzo pana kibao cha kukataza sigara, kimeandikwa vizuri na faini yake ya shilingi 50,000 au kifungo cha miezi 6. Nikamuita mhudumu nikamuonyesha.

"Dada, hicho ni cha sigara," akasema. "Hii ni shisha, ni matunda."

Akaja msimamizi wake, kijana mwenye adabu, akamsalimu khalati shikamoo kabla ya lolote. Alikuwa na majibu mawili. La kwanza, shisha yao haina tumbaku. La pili, hapo si ndani, hapo ni nje. Nikamtazama, nikatazama plastiki iliyofungwa kamba mpaka chini, nikamuomba aniletee pakiti ya hiyo shisha isiyo na tumbaku.

Na aliileta, nampa heko, wengine wangepotelea jikoni. Ubavuni imeandikwa nikotini asilimia 0.05, lami asilimia 0. Sasa ndugu yangu, nikotini ndiyo kilevi cha tumbaku, matunda gani yana nikotini? Na hiyo sufuri ya lami isimdanganye mtu: lami, ule uchafu mweusi unaonata wa moshi, huzaliwa kitu kinapounguzwa, haiwezi kuwamo kwenye pakiti ambayo haijaguswa na moto. Hata ungekuta mchanganyiko usio na tumbaku kweli, bado juu yake kuna makaa, na makaa yanatoa kaboni monoksidi, gesi ile ile inayowaua watu waliolala na jiko ndani ya nyumba iliyofungwa. Hilo kila mtu Kenya hii analijua, analisikia kila msimu wa baridi kutoka bara. Lakini makaa yakiwekwa juu ya bomba la kioo chenye nakshi, ghafla yanakuwa starehe. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa kikao cha saa moja cha shisha kinamwingizia mvutaji moshi mara 100 hadi 200 ya ujazo wa sigara moja. Na sisi tuliokuja kula tulikuwa tukivuta kilichobaki.

Najua litakaloandikwa kwenye maoni hapo chini: shisha iliruhusiwa na mahakama. Basi tulitenganishe hili. Wizara ya Afya ilipiga marufuku shisha Desemba 2017. Januari 2024 mahakama ya Shanzu, hapa hapa kwetu, iliwaachilia watu 48 waliokamatwa kwa mambo ya shisha, kwa kuwa kanuni za marufuku hazikuwa zimepelekwa Bungeni inavyotakiwa. Tangu hapo mwenye mkahawa anaikumbuka hukumu na askari anayakumbuka marufuku, kila mtu na habari iliyompendeza. Lakini kibao kile cha kwenye nguzo hakikutokana na marufuku ya 2017. Kinatokana na Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007, na hiyo Shanzu haikuigusa. Mkahawa ni mahali pa umma chini ya sheria hiyo. Anayetaka kuwatengea wavutaji sehemu, iwe imezibwa kutoka sakafuni hadi darini, na hewa yake itolewe nje moja kwa moja. Kwa hiyo hata shisha ikihalalishwa kesho asubuhi, pale nilipokaa mimi bado hapakuwa mahali pake. Afisa wa afya hahitaji kungoja mabishano ya shisha yaishe. Anahitaji kuja saa tatu usiku, mapazia yakiwa chini, aombe pakiti. Tatizo ni kwamba ukaguzi tunaouona ni wa mchana: vyeti vya afya vya wapishi, jokofu, mifereji. Mchana mabomba yako stoo.

Aliyenitia uchungu zaidi ni kijana wa makaa. Alipita usiku kucha na kikapu chake cha chuma, akikizungusha makaa yashike moto kama mtu anayefukiza udi kwenye chetezo. Kila bomba jipya lazima alivute yeye kwanza, mara nyingi na kwa nguvu, mpaka moshi utoke vizuri, ndipo ampe mteja. Bomba la kila meza linapitia mapafuni mwake. Mvutaji amelipa na ataondoka. Huyu anarudi kesho saa kumi na moja. Nilimuuliza kama kichwa humuuma, akacheka, akasema amezoea, akaitwa meza nyingine, akaenda.

Chakula nawapa nyota nne na nusu. Huduma nne, na msimamizi alitufungia biriani ya khalati bila kudai pesa ya kisanduku. Ukumbi wa usiku, nyota moja, na hiyo ni ya makuti. Wana ghorofa ya juu iliyo wazi kabisa, haina hata mapazia, na usiku ule ilikuwa na viti vilivyopangwa tu. Kwa nini shisha haipandi huko, hilo msimamizi hakunijibu.

Mwenye mapafu mazima na asiyejali harufu ya tofaa kwenye buibui, aende wakati wowote. Mimi nitakuwa napiga simu mchana wanifungie, nipite kabla ya magharibi. Kachumbari waambieni waiweke kando, ikifunikwa na wali wa moto inalainika.