Tahadhari kwa wanaonunua hatamu za farasi kupitia WhatsApp jijini Nairobi

Nawaandikia wenye farasi wa Karen, Lang'ata na kwingineko nchini Kenya, pamoja na masaisi, yaani watunza farasi, ambao mara nyingi ndio wanaotumwa kutafuta vifaa, ili mjihadhari na muuzaji anayetangaza kwa WhatsApp na Instagram hatamu (kanda za kuvisha kichwani mwa farasi) anazodai kuwa ni za "farasi wasiopenda kuguswa kichwa". Mwezi uliopita nilimlipa shilingi 32,500, nikaletewa kitu kisichofanana kabisa na alichotangaza, na tangu nimweleze hivyo hapokei simu yangu.

Farasi wangu ni jike aliyestaafu mbio za Ngong, mwenye ngozi nyembamba kama ilivyo kwa wengi wa Thoroughbred, jamii ya farasi wa mbio. Saisi wangu ndiye aliyetangulia kuona kwamba kila akimvisha hatamu ya zamani, farasi huinua kichwa, hulaza masikio na kujitenga. Daktari wa mifugo alimkagua meno na mgongo asione kasoro, akashauri tubadilishe hatamu.

Hatamu inayomfaa farasi wa namna hiyo hutambulika kwa macho. Ukanda unaopita nyuma ya masikio huwa mpana, nao hukatwa kwa mpindo unaoyaachia masikio nafasi, ili mvuto wa lijamu, kile chuma cha mdomoni, usambae badala ya kukusanyika kwenye mstari mmoja juu ya mfupa wa kwanza wa shingo. Ukanda wa paji huwa na urefu wa kutosha, kwa sababu ukiwa mfupi huuvuta ule wa nyuma mpaka uzame kwenye mashina ya masikio. Ukanda wa pua nao hukaa chini ya mfupa wa shavu uliojitokeza, bila kuusugua wala kukandamiza neva zinazopita pembeni mwa uso.

Nilichotumiwa ni hatamu ya kawaida iliyobandikwa sponji. Sponji yenyewe iligandishwa katikati tu ya ukanda wa nyuma ya masikio, ikafanya nundu, hivyo ikaongeza mkandamizo pale pale tulipotaka kuupunguza. Ukanda wa paji ulikuwa wa saizi ya poni ilhali kanda nyingine zote ni za farasi mkubwa. Niliipeleka kwa fundi wa ngozi katika soko la Kariokor, naye akauchana ukingo kidogo, akanionyesha makombo ya ngozi yaliyosagwa na kushikanishwa kwa gundi, kisha yakapakwa tabaka la plastiki lenye rangi ya kahawia. Ukanda wa aina hiyo unaweza kukatika ghafla, na sihitaji kumweleza mpanda farasi maana ya hilo akiwa juu ya mnyama anayekwenda mbio. Bizimu, ambazo tangazo lilisema ni za chuma kisichoshika kutu, zilikuwa na madoa ya kutu baada ya kuvaliwa mara mbili.

Kilichoniudhi zaidi ni jibu la mwisho la muuzaji kabla ya kunyamaza, kwamba ukanda wa pua ubanwe sana ndipo sponji "ifanye kazi". Mtu yeyote asimsikilize. Kipimo cha siku zote ni vidole viwili vya mtu mzima kupita bila shida juu ya mfupa wa pua, mbele na wala si pembeni ambako daima pana nafasi. Na FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, tangu 2025 hupima nafasi hiyo kwa kifaa maalumu cha sentimita 1.5. Sponji haihalalishi kubana.

Dalili za kumtambua muuzaji huyo zilikuwepo, nami nilizipuuza. Farasi wa kwenye picha zake amesimama mbele ya uwanja uliojaa theluji, ilhali yeye anadai amempiga picha Ngong. Nilipoomba picha ya upande wa ndani wa kanda, pamoja na futikamba iliyowekwa juu yake, alinitumia picha ile ile ya tangazo. Malipo aliyataka kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na jina lililotokea kwenye M-Pesa halikulingana na la duka. Sasa amebadilisha jina la ukurasa wake, lakini picha ya theluji bado ipo.

Nimekwisha kuripoti kituo cha polisi na kupewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Yeyote aliyelipa kwa muuzaji mwenye picha hiyo asifute ujumbe wa M-Pesa wala mazungumzo ya WhatsApp, na hatamu yenyewe aihifadhi bila kuikarabati, kwa kuwa polisi waliniomba vyote vitatu.